Mkwe Anayekuja Mbio

Mke wangu hakutaka nikimbie. Alilisema kwanza kwa utani, baadaye kwa hasira. Nilikuwa nimestaafu kazi ya ofisini, miaka sitini imeshanipita, na nilichokitaka kilikuwa kimoja: kuingia mbio ndefu za kando ya ziwa hapa Gisenyi, mpakani na Kongo, na kuzimaliza kwa miguu yangu mwenyewe.

"We muzee, nani anakufukuza?" aliniuliza kila alfajiri nilipokuwa nafunga kamba za raba. Yeye alikulia Kongo, mimi Tanzania, na miaka yote ya ndoa yetu tumegombana kwa Kiswahili cha aina mbili. Kinyarwanda tunakitumia tukiwa tumepatana.

Nilimwambia hakuna anayenifukuza, nikashuka hadi barabara ya ziwani. Kijana anaamka na kuondoka mbio. Mimi kwanza nabembeleza magoti, natembea, najinyoosha kwenye ukuta wa nyumba ya watu, ndipo naanza, polepole kiasi kwamba wauza samaki walinipita na mabeseni yao kichwani wakanipa pole. Niliudhika, lakini sikuongeza mwendo. Mtu wa umri wangu akikimbia kwa hasira, kesho yake hashuki kitandani.

Kila niliporudi nilimkuta mke wangu getini, ufagio mkono mmoja na simu mkono mwingine, akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Siku moja nilimuuliza kama anangoja simu ya waziri. Hakucheka.

Jioni moja akachoka na ubishi wetu. "Bon," akasema. "Kama uko na nguvu, kimbia mpaka kwa mama, Bugeshi. Ukifika na miguu yako, mi nanyamaza, utaingia mashindano. Ukifika na pikipiki, hizo raba napatia bwana wa binti yetu."

Bugeshi iko juu, chini ya volkano, na barabara yake inapanda tu. Alijua anachofanya. Nami nikakubali papo hapo, maana hasira zangu huwa zinatangulia akili.

Niliondoka kabla jua halijachomoza. Mguu haukunisumbua, pumzi haikunisumbua. Kilichonisumbua ni heshima. Kwetu hapa kumwacha mzee apande mlima kwa miguu ni aibu, na kila mwenye pikipiki alisimama. Mmoja alinifuata nyuma taratibu, injini ikinguruma kisogoni mwangu.

"Muzee, panda. Sitaki franga. Watu watasema nini juu yangu?"

Nilimweleza kwamba ni mazoezi. Akanihurumia zaidi. Nikamfokea, akaenda zake, lakini kwa kufoka nilikuwa nimepoteza pumzi ya kilima kizima. Basi nikaamua: sisemi tena na mtu yeyote mpaka nifike. Atakayenisalimu nitampungia mkono.

Kulikuwa na baridi kule juu, na ukungu bado umelala kwenye mashamba ya viazi. Nilipokaribia kwa mama mkwe, wanawake waliokuwa wakilima kando ya barabara waliinuka. Wananijua.

"Mukwe! Iko amani?"

Nikainua mkono, nikapita. Nilisikia majembe yakianguka, na kwa pembe ya jicho nikamwona mmoja wao akikata mbio kwenye njia ya mkato inayopita katikati ya mashamba. Nilidhani anashindana nami. Nilifurahi, kusema kweli.

Mkwe ana namna yake ya kufika ukweni. Anatuma habari kwanza. Anakuja akitembea, suruali ndefu, koti, mkononi kitu cha kumletea mama. Mkwe anayekuja mbio, amevaa kaptula, jasho linamtiririka, na hajibu salamu, huyo amebeba habari ya aina moja tu. Nayajua hayo tangu nilipooa. Asubuhi ile nilikuwa nafikiria magoti.

Kilio nilikisikia kabla sijaiona nyumba. Nikadhani kuna msiba kwa jirani. Nilipoingia uani nikamkuta mama mkwe ameketi chini, wanawake wamemzunguka wamemshika mabega. Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mzima.

"Mutoto yangu amekufa saa ngapi?" akaniuliza.

Nikaketi chini mbele yake, na kaptula yangu, jambo ambalo mkwe hafanyi. Nilijaribu kusema, pumzi ikakataa. Nikatoa simu nikampigia mke wangu. Haikumaliza hata mlio mmoja.

"Iko nini? Umeanguka?" akauliza.

"Sijaanguka. Sema na mama. Sema naye sasa hivi."

Mama mkwe aliposikia sauti ya bintiye alilia kuliko alivyokuwa akilia kwanza. Nikiwa nimekaa kwenye vumbi lile ndipo nilipouelewa ule ufagio. Kumbe kila asubuhi nilipokuwa nikihesabu vilima vyangu, mwenzangu alikuwa getini akimngoja mtu atakayekuja mbio. Niliona aibu, na nilimpenda sana mke wangu saa ile.

Mama alipotulia alinifunika magoti kwa kitenge, akaamuru niletewe uji.

"Kimbia, sikukatazi," akasema. "Lakini kama unafika karibu na watu wako, tembea. Tukuone unatembea, tujue hakuna neno."

Mke wangu alitimiza ahadi. Nami tangu siku ile, nikifika kwenye kona ya mtaa wetu naacha kukimbia, naingia getini kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni. Ufagio ulirudi mahali pake.

Siku ya mashindano nilikwenda vizuri. Miguu iliuma mahali ilipozoea kuuma, na ziwa lilikuwa limetulia upande wangu wa kushoto. Karibu na mwisho, kati ya watu waliojipanga kwenye kamba, nikamwona mke wangu amesimama, simu mkononi, shingo ameinyoosha.

Miguu ikaanza kutembea yenyewe. Sikuiamuru. Wasichana wawili wakanipita, na bwana mmoja mwenye kitambi pia akanipita, nami natembea kama mkwe mwenye adabu zake, namtazama yeye tu.

Akaiingiza simu kifuani, akaweka mikono mdomoni, na kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo ya mpaka akapiga kelele:

"Nimekuona, muzee! Uko muzima, nimekuona! Sasa kimbia!"

Nikakimbia.