Ndoto Niliyoitunga Kanisani

Juma lililopita tulitoroka kipindi cha fizike, mimi na wenzangu wawili, tukaenda kuogelea ziwani kwenye mtaa wetu wa zamani hapa Rumonge. Wenzangu wakapita dirishani. Dirisha la kanisa, rafiki yangu. Mabati yalishang'olewa, kuta zimezama nusu, na pale palipokuwa na madhabahu samaki wadogo wanapita bila kutoa sadaka. Wenzangu walicheka mpaka wakanywa maji. Mimi, ambaye sikosi neno hata kwenye msiba, siku hiyo niligeuka nikarudi ufukoni kuvaa shati.

Laiti ungemjua nyanya yangu wakati ule! Alikuwa akiuza mawese, vitenge vyake vyote vina madoa mekundu, na kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, aliwakusanya watu kwa maombi kama mtu anayeswaga mbuzi. Mimi aliniamsha kwa kuninyunyizia maji usoni. "Shetani amekwisha kunywa chai, wewe bado umelala!" Nilimfuata nikipiga miayo, njia nzima inanuka ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa. Akianzisha wimbo, popo walihama darini.

Jirani yetu Mwislamu, mama wa vitumbua, hakuacha kumtania. "Mama, Mungu wako iko kiziwi?"

"Hapana, dada. Ni mimi iko na usahaulifu. Nikinyamaza, nitamusahau."

Kisha ziwa likaanza kupanda. Lilimeza kwanza mchanga tuliochezea mpira, halafu migomba, halafu choo cha mchungaji, jambo ambalo sisi watoto tulilifurahia sana. Kila Jumapili, saa ya ushuhuda, mtu mzima fulani alisimama kueleza ndoto yake, na akapigiwa makofi. Nilikuwa na miaka tisa. Nikawaambia wenzangu wa benchi la nyuma kwamba hata mimi naweza kuota, tukawekeana dau la mandazi mawili.

Nikasimama. Nikasema nimemwona mtu wa mavazi meupe akichora mstari mchangani kwa fimbo, mbele ya nyumba yetu na kanisa, akaliambia ziwa: mwisho wako hapa.

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Mchungaji alilia. Nyanya aliruka juu, yeye na magoti yake mabovu. Mandazi niliyala siku ile ile, na yalikuwa matamu. Hapo sitadanganya.

Majirani walianza kuhama. Mama wa vitumbua alikuja na mzigo wake kichwani. "Mama, twende. Maji hayasomi Biblia."

"Mujukuu wangu ameonyeshwa," nyanya akajibu.

Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini mimi, mropokaji wa mtaa mzima, nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Maji yalikuja mchana mmoja wa upepo. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulilala chini kama mtu aliyechoka, madumu ya mawese yakaelea, na ziwa likawa jekundu mbele yetu. Kanisa lilifuata kabla ya mwezi kwisha. Tukahamia mlimani, chumba kimoja, upande wa kwenda Bugarama. Nyanya hakulia. Alinyamaza tu. Maombi ya alfajiri yakaisha, nyimbo zikaisha. Jumapili anakwenda bado, kanisa la huku mlimani, lakini anakaa kama mtu anayengoja basi, midomo imefungwa. Ni mwaka wa saba sasa.

Siku ile niliyotoka kuogelea nilimkuta anachambua maharagwe. Nikasema bila hata kusalimia: "Nyanya, ile ndoto niliitunga."

Hakuinua macho. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Ulikuwa unacheka na mabega."

"Sasa kwa nini hukuhama?"

Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Nilimwambia Mungu: huyu mutoto anacheza, lakini wewe usicheze. Fanya iwe kweli, ili akuamini." Akachota konzi nyingine ya maharagwe. "Hakufanya."

Nilitamani anipige. Angenipiga, ningejua la kufanya: kukimbia.

Mtaa ule umekwenda, na kanisa, na mchanga, na watu wametawanyika mpaka Nyanza-Lac. Nyumba hujengwa nyingine. Ila ile sauti iliyokuwa ikiwaamsha watu wazima waende kumtafuta Mungu gizani, mimi ndiye niliyeicheza kamari kwa mandazi mawili, na sijui inajengwa kwa matofali gani.

Tangu siku ile ninaamka kabla yake. Ninapiga magoti karibu na mkeka wake na kuanzisha wimbo wake, kwa sauti yangu ya beberu. Jirani wa ukuta wa pili amekwisha kunitukana kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Nyanya anageukia ukutani.

Leo asubuhi nilifika mwisho wa ubeti wa kwanza, nikangoja. Ubeti wa pili siujui. Humu ndani anayeujua ni yeye peke yake. Nikangoja sana. Kisha nikaurudia ule wa kwanza.