Wawili Wamenusurika

Jovita alirudi Burundi na Kiingereza cha shule za Tanzania, alikozaliwa na kukulia uhamishoni. Kifaransa hakukijua, na mjini Rumonge wengi walimhurumia kwa hilo. Yeye hakujihurumia. Alitafuta shule iliyohitaji mwalimu wa Kiingereza, akaipata, na siku zisizo za masomo akawa anauza mawese sokoni, jirani na Mwanahamisi, mke wa mvuvi Djibril.

Mwaka jana dhoruba ya ziwani iliupindua mtumbwi wa Djibril na wenzake watatu. Siku nzima ikapita bila habari. Kesho yake asubuhi Abdoulkarim, fundi wa simu aliyejua Kiingereza kidogo tu, alikuja sokoni mbio na simu mkononi. Gazeti moja la Kiingereza la Tanzania lilikuwa limeandika kwa herufi kubwa: Wavuvi wawili Warundi wanusurika dhoruba.

"Wawili gani?" Mwanahamisi aliuliza.

"Bienfait na Anselmo." Abdoulkarim aliinamisha kichwa. Djibril hakutajwa, wala Fabiano.

Mwanahamisi akaporomoka chini. Vilio vikapanda, na watu wakaanza kuulizana matanga yakaliwe wapi.

Jovita akaomba ile simu. Alisoma kichwa cha habari, kisha habari yenyewe mpaka mwisho. Akapaza sauti:

"Jamani, nyamazeni! Nani amesema wengine wamekufa?"

"Si wameandika wawili, Mwalimu?" alisema Abdoulkarim.

"Wameandika wawili waliopatikana upande wa Tanzania. Hilo la kufa tumeliongeza sisi wenyewe. Nikikuambia wanafunzi wangu wawili wamefaulu, utasema wengine wameanguka, kumbe matokeo yao hayajatoka. Kichwa cha habari ni kifupi, na sisi tunajaza kilichobaki. Huku ndani Bienfait anasema aliwaacha wenzake wameng'ang'ania mtumbwi, upepo unawasukuma upande wa Kongo."

Mwanahamisi akainua uso. "Iko hivyo kweli, Mwalimu?"

"Nimekusomea kilichoandikwa, dada. Una ndugu ng'ambo ya ziwa?"

"Shangazi yangu iko Baraka, huko Kongo."

"Basi mpigie sasa hivi!"

Shangazi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliwatuma wanawe pwani, kijiji baada ya kijiji. Alasiri simu ya Mwanahamisi ikalia, na sauti iliyokwaruza ikasema:

"Ni mimi, Djibril. Niko na Fabiano. Wavuvi wa huku walituokota. Mashine ya mtumbwi tu ndiyo imezama."

"Alhamdulillahi!" Mwanahamisi alipiga kelele mpaka wachuuzi wa samaki wa ndagala wakasimama. Soko zima likalipuka vigelegele.

Siku waliporudishwa, ufuo wa Rumonge ulijaa watu, Waislamu na Wakristo. Djibril alishuka majini akichechemea, akicheka. Mwanahamisi alimkumbatia, kisha akamvuta Jovita mbele.

"Huyu ndiye aliyekataa usikaliwe matanga ungali hai."

"Murakoze sana, Mwalimu," Djibril alishukuru, akamshika mikono yote miwili.

Jovita alifungua kinywa kujibu. Wanawake hawakumngojea. Walimnyanyua juu juu, wakapanda naye kuelekea sokoni wakiimba, naye akicheka na kulia, kiatu kimoja kimebaki mchangani.