Gari Lililolala Ukweni

Gari lilinilalia chini ukweni, na hakuna mtu aliyeligusa.

Mimi ni dereva wa Alpesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bukoba. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Kokugonza, binti niliyetaka kumuoa, Muleba, aliniazima gari lake, lile linalobebwa na upepo badala ya springi. Limechoka, linavuja upepo, ila kompresa inayoujaza ikifanya kazi huwezi kujua.

Mshenga wangu alikuwa Damian, rafiki wa kufa na kuzikana.

Mila mnaijua. Mposaji anakaa kimya, anayeongea ni mshenga.

"Gari hilo ni lake," Damian akamwambia Mzee Karugendo, baba wa binti.

Nikashtuka. Sikumtuma aseme hivyo. Lakini ningembishia vipi mbele ya wazee?

Tulipomaliza kula tukatoka nje. Gari limelala, limeziba njia.

"Liinue, watu wapite," mzee akasema.

Nikawasha. Kompresa kimya. Nikajua ni fyuzi, ila iko wapi? Matengenezo anashughulika nayo Alpesh mwenyewe. Nikajikunja chini ya usukani na suti yangu, napapasa tu. Mashangazi wanacheka.

"Gari lako, hujui fyuzi ilipo?" mmoja wao akauliza.

Damian akafungua boneti, akainamia boksi la karibu na betri. Niliona kwa macho yangu: fyuzi ilitoka mfukoni mwa koti lake. Gari likainuka taratibu.

Kumbe ndiyo maana alibaki garini niliposhuka Muleba mjini kununua soda. Mshenzi yule.

"Waitu, mzee wangu, nisamehe," akamwambia mzee. "Aliniomba nidanganye. Gari ni la bosi wake."

"Mzee, huyu ndiye..."

"Nyamaza. Mposaji haongei hapa. Mshenga wako ameshaongea."

Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ishara ya kupokelewa, kikazunguka kwa wageni. Kikanipita, kikatua kwa Damian. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Baada ya msimu wa kahawa Damian akamuoa Kokugonza. Gari la harusi alikodi kwa Alpesh, lile lile. Na dereva wa Alpesh ni nani?

Niliwabeba mpaka Bukoba.

"Fyuzi ipo leo?" Damian akauliza kutoka nyuma.

Kokugonza akacheka, akamfinya. "Si nilikwambia hataijua ilipo."

Nikakaza macho barabarani.

Ndugu zangu, kabla hamjatafuta mshenga, hakikisheni binti anamtaka nani.