Tezi ya Boti

Reverien Nkunzimana alizaliwa Titye, wazazi wake wakiwa wamekimbia Burundi, na uraia aliupata akiwa tayari na mvi. Alipenda kuchomelea vyuma kuliko kuongea. Masika ya 2015 boti ya fiba ya mradi wa uvuvi ilipovutwa hadi karakana yake pale Kasulu, alinawa mikono kwanza ndipo akaigusa. Hakuwahi kupewa mali ya umma. Angeiharibu, watu wangesema mkimbizi ni mkimbizi tu, cheti kiwepo kisiwepo.

Bwana Gharibu, afisa uvuvi aliyehamishiwa huku kutoka Pangani, alimkabidhi kidude cha sonari, kile kinachopeleka sauti chini ya maji na kuisikiliza ikirudi, ili boti ijue kina cha mto Malagarasi na isipande fungu la mchanga. "Kifunge tezini, chini kabisa, upande wa kulia," akasema, akapanda pikipiki kwenda Kibondo.

Tezi! Reverien aliijua ya hospitali, maana shemeji yake alipasuliwa tezi ya shingo. Akaizunguka boti akiipapasa, na kweli, ubavuni palikuwa pamevimba vizuri. Akatoboa hapo, akakaza bolti. Kazi safi kabisa, ila samaki wenyewe wangeishangaa.

Gharibu aliporudi alikikuta kidude ubavuni.

"Mbabarira, bwana afisa. Unisamehe," Reverien akasema, Kirundi kikimponyoka kwa hofu. "Ulisema tezi. Nikatafuta palipovimba."

Gharibu akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Tezi ya boti ni huku nyuma, fundi. Kwetu pwani mtoto mdogo anajua, lakini hapa milimani ungeijulia wapi? Ningesema nyuma, yakaisha."

Wakaziba matundu kwa fiba na gundi, wakakihamishia kidude kwenye ubao wa nyuma, mbali kidogo na pangaboi la injini ili mapovu yasikisumbue.

Siku ya majaribio mtoni, kina kilisomeka kwenye kioo cha sonari bila kuyumba. Mkuu wa mradi, Mama Generosa, akapitisha kidole kwenye kiraka cha ubavuni. "Nani katoboa hapa?"



"Tulikosea, mimi na fundi wetu," Gharibu akajibu, wala hakugeuka. "Tumeshaziba."

"Haya. Pandeni, tuvuke."

Reverien alishukuru mpaka macho yakamwuma. Akapanda, akakaa katikati yao.