Sauti Iliyokuwa Katikati

Miaka ile sikujua kukaa. Kibanda changu cha muziki kilikuwa kwenye kona ya barabara inayoingia soko kuu la Bunia, na kiti kizuri kilikuwepo, lakini kazi zote nilizifanya nimesimama, sikio moja ndani na sikio moja nje. Pikipiki kadhaa zikipita kwa kasi kutoka upande wa Djugu, nilishusha nusu ya bati la dirisha. Mtu akikimbia, hata kama anaikimbia mvua, mkono wangu ulikwenda kwenye begi. Begi lilikaa chini ya meza, limefungwa tayari, kama mabegi ya nyumba zote tulizozijua. Tulikuwa tunaambiwa kuna amani. Tuliipokea kama kiti chenye mguu uliolegea: unakaa, lakini hujiachii.

Kazi yangu ilikuwa kubana nyimbo. Wazazi wangu walitoka Butembo nikiwa msichana, wakaja kuuza vitenge, na vitenge vilinichosha mapema. Kompyuta iliyokwisha kutumika na jenereta ndogo vikanitoa dukani kwao. Watu waliniletea simu za vitufe zenye kadi ndogo kama ukucha, wakitaka nyimbo zao zote ziingie humo, na wimbo kama unavyotoka kwa wanaourekodi ni mnene. Lazima uufinye.

Programu ya kubana ina maswali yake. Kwanza inataka namba, nayo namba ni nyama unayoiacha kwenye mfupa. Aliyekuwa na vifaa vya kuvaa masikioni nilimwekea cent vingt-huit, mia na ishirini na nane. Sebene, gitaa la kuchezea, ya kusikiliza kwenye simu wakati wa kupika, soixante-quatre, sitini na nne, ilitosha. Mahubiri nilishuka hadi trente-deux, thelathini na mbili, maana mchungaji hana matoazi. Ukishusha mno kwenye muziki, matoazi yanaanza kulia kama mafuta ya kukaangia. Halafu inauliza: njia mbili au moja? Mimi daima moja, mono, kwa sababu simu ya vitufe ina mdomo mmoja, na mdomo mmoja hauna haja ya njia mbili. Mwisho kuna kisanduku cha kusafisha, kinachofuta upepo, vikohozi na viti vinavyoburutwa. Nilikiwekea alama bila kufikiri. Mashine inatupa kile ambacho sikio halitakitafuta, na mimi nilikuwa nimeanza kutazama kila kitu hivyo hivyo: sufuria za mama, kitanda, picha ya ubatizo ukutani. Kipi kitaingia kwenye begi, kipi kitabaki.

Yule mama alikuja siku ya soko, asubuhi. Alikuwa amekimbia kutoka vilima vya juu ya Kpandroma na sasa aliishi kambini, kwenye ukingo wa mji. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa kadi iliyofungwa kwa kipande cha plastiki.

"Binti yangu, humu muko wimbo moja tu," alisema. "Ya kwaya yetu. Ule anaanzisha, njo mutoto yangu."

Siku waliyokimbia, yeye alifuata kundi la kuja Bunia. Mwanawe, kijana mkubwa, alirudi nyuma kuwasaidia wazee, na wale walioteremkia upande wa ziwa wakaondoka naye. Simu yake ilibaki nyumbani, na nyumba haikuwepo tena. Mmoja alisema alimwona Kasenyi, ukingoni mwa ziwa. Mwingine alisema amevuka maji, yuko Uganda. Mwingine alinyamaza, na huyo ndiye aliyemkosesha mama usingizi.

"Batu ya lac, kule ziwani, banapitishanaka nyimbo mu bluetooth," akaniambia. "Huyu anamupatia huyu. Wimbo inavuka mayi bila pirogue, bila mutumbwi. Kama iko muzima, itamufikia siku moja. Ifanye ndogo, ipite. Halafu mwisho utaweka sauti yangu, nimuambie niko wapi."

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefikiri kuliko mimi. Kweli wimbo mkubwa haufiki mbali: simu mbili lazima zilale karibu mpaka umalizike kupita, na watu wa samaki hawana subira hiyo. Ukiwa mdogo, unapita wakati mtu anahesabiwa samaki wake.

Niliubana kama nilivyozoea: mono, soixante-quatre, na alama kwenye kisanduku cha kusafisha. Nikauweka kwenye simu yake kwanza ausikilize nyumbani. Sauti yake tungeirekodi kesho, jenereta ikipata mafuta. Wateja walikuwa wamejaa, sikuusikiliza mwenyewe.

Kesho yake alifika kabla sijafungua.

"Mutoto yangu haiko," alisema.

"Haiko wapi, mama?"

"Mu wimbo. Umemutoa."

Nilikasirika. Nina hasira ya karibu, haipandi ngazi. Nikachukua kadi yake, nikafungua wimbo wenyewe, ule mnene, nikavaa vifaa vyangu vya masikioni. Kijana alikuwepo, sauti nyembamba iliyonyooka, inapanda peke yake kabla kwaya haijamdaka. Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu: sauti ile haikuwa na mahali. Wanawake niliwasikia upande mmoja, wanaume upande mwingine, yeye alikuwa kama yuko ndani ya kichwa changu. Sikujali. Nikamvika mama vifaa vile.

"Iko ao haiko?" nikamwuliza.

Akafumba macho. "Iko," akasema polepole. Kisha akavivua, akabonyeza simu yake. "Sasa sikia weye."

Wanawake waliimba. Wanaume wakaitikia. Halafu ikaja nafasi tupu, na baada ya nafasi hiyo kwaya nzima ikajibu, kwa furaha, mtu ambaye hakuwepo. 

Nilianza na namba. Nikapandisha hadi cent vingt-huit, kijana hayupo. Nikatoa alama ya kusafisha, nikidhani mashine imemfuta pamoja na upepo, na hayupo. Nikajaribu programu nyingine ya kubana niliyokuwa nayo, hayupo. Hapo nikamwambia mama neno baya, kwamba simu yake imechoka, na huenda masikio yake pia.

"Mi njo nilimuzaa," alijibu, bila kupandisha sauti. "Sauti yake nitakosa kuijua?"

Sikio halipiti kichwa, nililelewa hivyo. Nikainamisha uso. Lakini mikono haikutulia. Ilikuwa zamu ya njia mbili. Nikaubana wimbo bila kuziunganisha, stereo, nikauvaa masikioni: kijana amerudi! Nikapiga kelele, nikautia kwenye simu ya mama haraka, tukainama wote wawili juu ya kile kimdomo chake kidogo. Kwaya, nafasi tupu, kwaya. Mdomo mmoja uliziunganisha njia zile wenyewe, na akazama tena.

Wakati huo habari ilipita barabarani kwamba njia ya Kasenyi inaweza kufungwa. Nani alisema, hakuna aliyejua. Muuza mafuta wa jirani alianza kuingiza chupa zake ndani. Nikashusha nusu ya bati, nikavuta begi kwa mguu likaja karibu. Mama hakugeuka hata kidogo. Alikuwa amekwishakimbia mara moja, na alichokimbia nacho kilikuwa mezani kwangu.

"Endelea," akasema.

Nikampa kipande kimoja cha vifaa vya masikioni, cha pili nikakaa nacho, maana nilitaka nimwonyeshe tena kwamba sisemi uongo.

"Minamusikia," akasema.

"Na mimi."

Tukatazamana. Yeye alikuwa na njia moja, mimi nyingine, na kila mmoja wetu alikuwa na kijana mzima. Tulipoziweka pamoja tulibaki bila kitu. Nikatazama mawimbi kwenye kioo, yale ya juu na yale ya chini, nikayavuta yakawa makubwa. Mahali kijana alipoimba, wimbi la juu lilipanda palepale la chini liliposhuka. Watu wawili wanasukuma mlango mmoja, mmoja ndani, mmoja nje, na mlango hauendi popote.

"Mama, balirekodi na micro ngapi?"

"Mbili. Moja ya bamama, moja ya bababa. Mwanzishaji anasimamaka katikati. Kwetu haendake mbele, si harusi yake."

Ndiyo maana. Waimbaji wengine kila mmoja alikuwa karibu na kinasa sauti cha upande wake, lakini aliyesimama katikati aliingia kote sawasawa. Pande zikigombana, wao wanapona na yeye anafutika.

"Na kamba ya micro, ilikuwa nzima?"

Akafikiri. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Moja, panya walikula. Kabla ya feti, ya sikukuu. Mutoto akaifunga."

"Mutoto gani?"

"Yangu! Ule ule!" Na mama yule, ambaye sikuwahi kuona meno yake, alicheka mpaka akashika meza. "Mikono yake ile! Alitengeneza vélo, baiskeli ya baba yake, ikakataa kusimama. Alitengeneza radio, ikasema Kiarabu tu."

Ndani ya kamba kuna nyaya, na yeye alikuwa amezivusha, huu mahali pa ule, wimbi la upande ule likageuka juu-chini. Alijifuta mwenyewe kwa mikono yake, halafu akaenda akasimama katikati na kuimba vizuri kuliko wote. Nilicheka na mama.

Dawa yake ilikuwa rahisi, kama dawa nyingi ukishajua ugonjwa. Nikaigeuza njia moja juu-chini, kisha nikaziunganisha, mono, namba ndogo ya kupita upesi. Kijana akatoka kwenye kimdomo cha simu kwa nguvu, mbele ya kwaya yote. Mama aliweka kiganja juu ya simu kama anayepima homa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi niligeukia jenereta nikajifanya naiangalia.

Kisha tukarekodi sauti yake. Aliongea kwa lugha yao, ambayo siijui, na alipomaliza nikamwuliza amesema nini.

"Nimesema mama yako iko Bunia, ku kambi. Na nimesema ile kamba ulifunga mubaya."

"Mama! Njo hiyo unamuambia?"

"Asipate kusema ni mutu mwingine."

Njia haikufungwa siku ile. Tangu hapo kila kadi ya mtu wa ziwa iliyopita mikononi mwangu ilipata wimbo ule, apende asipende. Niliuweka wa kwanza kabisa. Wanawake wa samaki walinitania: mimi niliomba ndombolo, weye unanipatia kanisa? Nikawaambia kanisa ni bure, wapitishe tu.

Mama alikuja kila siku ya soko. Hakuuliza, alisimama tu kwenye kivuli cha bati langu, kidogo, kisha akaenda. Kusimama kwake kulinitesa kuliko swali. Mvua zikaja, zikaisha. Njia ikafungwa kweli, ikafunguliwa. Kutoka Gety zilikuja habari za watu kuhama tena. Baba yangu alisema turudi Butembo, nami nilisema sawa, na kila wiki nikapata sababu ya kungoja wiki nyingine. Nilijua sababu ni nini. Nilimkasirikia mama yule kwa ajili hiyo, na siku aliyochelewa nilitoka barabarani kumtafuta kwa macho.

Halafu akaja mwanamke wa makayabo, samaki wa chumvi, kutoka Kasenyi, simu yake imejaa, anataka niimwage nimwekee mpya. Mimi humwaga nikisikiliza. Wimbo wetu ulikuwemo, lakini ulikuwa umeharibika: umechezwa kwenye simu moja na kurekodiwa na nyingine, upepo umejaa, kuku wanalia. Nikataka kuufuta. Ndipo kijana akaanza kupanda, na juu yake akapanda mwingine. Sauti mbili, nyembamba ile ya zamani na hii nzito zaidi, iliyochoka, inayojifuata yenyewe nyuma kidogo. Likaja neno la mama. Baada ya neno la mama, badala ya kimya, mtu akakohoa, akasema maneno kwa lugha nisiyoijua.

Nilimwuliza yule mwanamke ameutoa wapi. Alisema kwa watu wa ng'ambo, wa kambi kule Uganda, huyu kampa huyu. Nikamwomba anywe chai, anywe mbili. Ilikuwa siku ya soko.

Mama akafika. Nilibonyeza tu. Alisikiliza amesimama, wimbo wote, mpaka yale maneno ya mwisho, kisha akakaa kwenye kiti changu ambacho hakuna aliyekikalia.

"Anasema nini?" nikauliza. 

"Anasema kamba alifunga muzuri." Akajifuta uso kwa pindo la kitenge. "Mubishi! Mpaka leo ni mubishi!"

Akaomba tena. Mara hii hakusikiliza wimbo, alisikiliza mwisho tu.

"Iko anakohoa," akasema. "Unasikia? Kifua. Kule nani iko anamupatia mayi ya moto?"

Alitaka wimbo huo uingie kwenye kadi yake, maana angeshuka Kasenyi kesho, njia iwe wazi isiwe wazi. Kadi ilikuwa karibu kujaa nyimbo alizopitishiwa kambini. Kwa mazoea nikafungua programu ya kubana, nikashusha namba, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kile kisanduku cha kusafisha. Mama alikuwa anatazama.

"Hii inafanya nini?"

"Inatoa upepo, mama. Na kikohozi."

Akanishika mkono.

Nilifunga programu. Nilifuta nyimbo nyingine kutoka kwenye kadi yake mpaka nafasi ikapatikana, nikaunakili wimbo ule kama ulivyokuja, pamoja na kuku, upepo na kifua chake. Kisha nikavuta begi langu kutoka chini ya meza, nikatoa nguo zangu, nikampa begi la kusafiria.