Huko Kambo Wanalima Nini?

Wajukuu wangu hapa Soweto, Mbeya, wakikaa kusoma vitabu vyao vya hadithi, huwa nawauliza swali moja tu: humo ndani nani hapendwi? Wakishanitajia, nawaambia basi huyo ndiye angeandikiwa kitabu chake. Wanacheka. Wanadhani bibi yao anazeeka vibaya. Lakini swali hilo si langu. Nimelirithi kwa mwanamke ambaye sikumpenda, na naomba nieleweke mapema kwamba hakuwa mtu wa kupendwa. Asije mtu akanilainishia habari, akasema kumbe moyoni alikuwa malaika. Hakuwa.

Jina lake Severina. Alikuja kwetu mwaka 1954, mama yetu alipokuwa ameshazikwa mwaka mzima. Kwetu ni kijiji kimoja jirani na Mafinga, mahali pa ukungu na baridi ya kukata masikio, na baba yangu, Filemoni, alikuwa seremala katika karakana ya misheni. Alitumwa Idodi, kule chini kwenye joto, kupeleka mabenchi ya kanisa. Alipeleka mabenchi, akarudi na mke.

Namkumbuka baba alivyokuwa akinukia maranda ya msonobari hata siku ya Jumapili, na jinsi mimi na mdogo wangu Kasian tulivyokuwa tukimkung'uta koti mlangoni ili yadondoke tukawashie moto. Nikipita leo penye karakana ya mbao nasimama. Watu wanadhani nataka kununua kabati, kumbe nanusa tu. Nyumba ile sitaipata tena, na sioni haya kusema kwamba inaniuma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Severina hakungoja ya tatu. Siku ya pili alilitafuta jembe mwenyewe, akaliinua, mpini ukachomoka ukabaki mkononi. Akamfuata baba karakanani, mbele ya mafundi wenzake.

"Wewe ni fundi wa mbao," akamwambia, "na jembe la nyumbani kwako halina mpini?"

Mafundi walicheka mpaka wakaweka misumeno chini. Baba aliutengeneza mpini siku ile ile, lakini kijiji kikawa kimepata la kusema. Mwanamke gani huyo, hata vumbi la safari hajaoga, anamwaibisha mume?

Alizidi kuwapa ya kusema. Sisi kwetu salamu ni shughuli. Unasema "kamwene", unaitikiwa "kamwene", kisha unaulizwa watoto, mahindi, ng'ombe, mpaka kuku. Severina alisema "kamwene" moja, akapita zake. Chumvi aliigawa kwa ncha ya kidole. Wanaume waliozoea kumalizia pombe yao ya ulanzi uani kwetu aliwaondoa kwa ufagio. Na kuku akichinjwa, paja alikula yeye, la pili akala baba, mimi na Kasian tukapewa shingo na miguu. Siku moja nilitazama paja lile kwa muda mrefu kidogo. Akanitazama na yeye.

"Meno yako bado yana siku nyingi za kula nyama," akasema. "Yangu yanaisha."

Akaendelea kutafuna.

Kulikuwa na jambo jingine watu walilolicheka. Mlango wetu ulikuwa wa mbao nzito, kazi ya baba, lakini kila jioni Severina aliukingia gogo kwa ndani, kisha akatandika mkeka wake palepale mlangoni. Idodi, alisema, simba wanaingia mpaka jikoni, na anayelala mlangoni ndiye mkubwa wa nyumba. Baba mkubwa wangu, Bartholomeo, alimtania sana kwa hilo.

"Shemeji, simba wa huku ni ukungu tu."

"Na huo ukungu nao nauzuia," akajibu, wala hakutabasamu.

Mimi sikuwa nikimwita kitu. Kwa Kihehe chetu mke wa baba ni mama, hakuna neno jingine, na neno hilo lilinikwama kooni. Nikitaka kusema naye nilisogea karibu, nikaanza tu kusema.

Neno jingine lilikuja na shule. Mwalimu wetu, Anania, alikuwa Mnyakyusa kutoka pande za Mbeya, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo alitunga hadithi mwenyewe akaziandika ubaoni tuzisome kwa sauti. Mojawapo ilikuwa ya msichana yatima aliyeitwa Tumaini na mama wa kambo aliyemlisha ukoko. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuunga na gundi. Mtu wa Idodi ni mtu aliyetoka Idodi, mtu wa Mbeya katoka Mbeya. Basi mama wa Kambo ni mama aliyetoka Kambo. Darasa zima tulielewa hivyo, na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza. Tulibishana tu kama Kambo iko kabla ya Chimala au baada yake, maana lazima ilikuwa njia ya Mbeya, anakotoka mwalimu.

Hadithi hiyo niliipeleka kwa shangazi yangu Rozalia, dada yake baba. Shangazi huyo kila mtu alimpenda, hata mimi, hata sasa. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kujua kuigiza sauti, na jioni alikuja kwetu kutusimulia kando ya moto. Kwake mama wa Kambo alinenepa. Akaota kucha. Akawa anakula paja la kuku huku yatima anatazama! Watoto wa jirani waliangua kicheko, macho yote kwa Severina, aliyekuwa pembeni anasonga ugali.

Severina alifunika chungu.

"Wifi," akasema, "huko Kambo wanalima nini?"

Shangazi hakutegemea. "Wanalima… pilipili."

"Pilipili tupu? Na wanawake wote wa huko ni wabaya hivyo?"

"Wote."

"Sasa wanaume wa Kambo wanaoa nani?"

Sisi watoto tulimgeukia shangazi. Lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyekuwa amelifikiria. Shangazi akacheka, akasema wifi yake hajui hadithi. Lakini hadithi ile hakuimaliza.

Kesho yake, saa ya mapumziko, nilimwona Severina anakuja shuleni, kajifunga shuka mbili kwa baridi. Nilitamani ardhi inimeze. Alimkuta mwalimu Anania amesimama barazani, akanionyesha kwa kidole nisogee, nisije nikasema baadaye kwamba sikusikia.

"Mwalimu, kamwene. Huyu mwanamke wa Kambo jina lake nani?"

"Hana jina, mama. Ni hadithi tu."

"Yatima ana jina?"

"Ndiyo. Tumaini."

"Na ng'ombe wao?"

Mwalimu akaona haya kidogo. "Ng'ombe anaitwa Maua."

"Ng'ombe ana jina, yeye hana. Na kwao Kambo hakujatajwa ni wapi. Nani alimtoa kwao? Aliambiwa anakuja kulea, au aliambiwa anakuja kuolewa tu? Hadithi haijakwisha hiyo, mwalimu."

Hapo ndipo mwalimu alipotuelewa. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alimweleza taratibu kwamba Kambo si mahali. Mama wa kambo ni yule anayelea mtoto asiyemzaa, basi.

Severina alijifunga upya shuka zake. Mimi nilihisi masikio yananiwaka, maana kumbe miezi yote ile tulikuwa tunamsema yeye, si mtu wa njia ya Mbeya.

"Hilo tu?" akauliza.

"Hilo tu, mama. Lakini huyu wa hadithi ni mbaya. Anamnyima mtoto chakula."

"Mbaya, sawa. Sijasema mzuri. Mimi mwenyewe nikimwona ningemgombeza. Lakini mtu mbaya akikosa jina, mwalimu, jina lake tutalivaa wote. Mwandikie kitabu chake. Sema yote, na ubaya wake usiufiche. Ila useme na kwao."

"Mama, nani atasoma kitabu cha mtu asiyependwa?"

"Mimi."

"Unajua kusoma?"

"Huyu atanisomea," akasema, akaninyooshea kidole. Kisha akaondoka bila kuaga, kama kawaida yake.

Kitabu hakikuandikwa. Mwalimu Anania alihamishwa kurudi Mbeya, na haya machache ndiyo niliyoyaweza mimi.

Mwaka 1957, katika baridi ya mwezi wa sita, baba alishikwa na kichomi. Alikohoa, akalala, hakuamka. Nikisema zaidi ya hapo nitalia, na sijakaa hapa kulia. Severina hakulia. Wanawake wa ukoo walipiga yowe, wakagaagaa, naye akawa anahesabu sufuria za watu zisipotee na kuwauliza vijana nani kakata miti ya uani kuotea moto. Jambo hilo halikusameheka. Kabla matanga hayajaanuliwa ilishajulikana kwamba atarudishwa Idodi, na sisi watoto tutachukuliwa na shangazi Rozalia.

Kikao kilifanyika uani kwetu, alasiri, jua limetoka kidogo. Baba mkubwa Bartholomeo alikuwa mnyapara kwenye kiwanda cha mbao, na kila jambo zito alilisema kwa Kiswahili ili lionekane zito. Nimelifikiria sana hilo. Angeniuliza kwa Kihehe nataka kukaa na nani, ingembidi aseme "mama yenu", na hapo swali lenyewe lingekufa, kwa maana mtoto gani anaulizwa kama anamtaka mama yake? Kwa Kiswahili alikuwa na neno la kumtoa nje.

Severina alikuwa ameketi kwenye kizingiti anachambua maharage kwenye ungo. Furushi lake lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma yake mlangoni. Hakuwa ameomba kubaki. Hakumtazama mtu.

"Matilda, wewe ndiye mkubwa," baba mkubwa akaniambia. "Sema mbele ya watu. Unataka kukaa na shangazi yako, ama na huyu mama wa kambo?"

Kila mtu alijua jibu. Shangazi alishanyoosha mkono, na mkono ule nilikuwa naupenda. Kwake kulikuwa na kicheko, na kuku angegawanywa sawasawa. Kasian alikuwa kanishika gauni, ananitazama mdomoni. Mimi nilitazama mlango. Nikawaza jambo la kitoto kabisa: kwa shangazi, nani analala mlangoni? Nilimjua shangazi. Alilala ndani kabisa, ukutani, na mlango wake ulifungwa kwa kamba.

"Si wa Kambo," nikasema.

"Nini?"

"Huyu si wa Kambo. Wa hapa."

Walicheka. Watu wazima walidhani bado sijui maana ya neno, wakafurahi, kwa sababu walikuwa wamechoka na huzuni. Lakini nilikuwa naijua. Nilimtazama Severina, na nilijua kwamba anajua kuwa naijua. Mkono wake ulikuwa unatupa maharage mabovu pembeni. Sasa ulianza kuyatupa na mazuri.

Baba mkubwa alirudia swali. Nikarudia jibu, na safari hii niliongeza neno lililonikwama miaka yote ile.

"Mama ni wa hapa."

Kicheko kikakatika. Shangazi Rozalia akashusha mkono wake polepole, akaniitikia kwa kichwa. Kasian, ambaye hakuwa na mama mwingine aliyemjua, akaenda kukaa kizingitini. Baba mkubwa akakohoa, akasema kwa Kihehe kwamba basi, mtoto kasema.

Severina aliinuka, akakung'uta ungo.

"Kama mimi ni wa hapa," akaniambia, "kachote maji. Jua linazama, na watu wote hawa hawajala."

Niliporudi na mtungi aliwapikia wageni, wakala, wakaondoka. Severina aliukingia mlango gogo lake. Furushi hakulifungua siku ile; alilitumia kama mto, akajilaza pale pale mlangoni.

Kesho yake shangazi alituletea kuku wa kutufariji. Severina alimkata, akampika, akagawa. Lile paja la baba alimpa Kasian. Lake alilila. Mimi nilipewa shingo, na sijawahi kula shingo tamu kama ile.