Senti za Paani

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa na kopo la vifungo lisilo na kifungo hata kimoja. Alihifadhi humo senti mojamoja za enzi ya Mwingereza, za shaba, zenye tundu katikati, moja kwa kila mwaka. Ilikosekana moja tu: ya mwaka aliozaliwa mama yake. Aliitafuta kwa masonara na kwenye mikufu ya vikongwe. Wapi!

Siku jiko la marehemu baba yao, yeye na mdogo wake, lilipoezuliwa, alifika mbio, aproni ingali kiunoni. Baba alikuwa fundi wa mabati, na washa, vile visahani vya chini ya kichwa cha msumari, zilipoadimika alitumia senti: msumari ukipita tunduni, senti inaziba mvua isipenye. Lakini mdogo mtu alikwisha kuuza mabati na misumari yake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Dada, umekuja kulia au kuokota takataka?"

"Kuokota. Kulia tulishalia."

Mnunuzi akacheka. "Utakachopata kabla sijajaza mkokoteni ni chako, mama."

Fundi cherehani akatoa mfukoni sumaku yake ya kuokotea pini, akaipitisha juu ya rundo. Misumari ikairukia, senti zikabaki chini. Misumari akaitupia mkokotenini, senti akazifuta kwa kidole, akizisoma. Ya mama haikuwamo. Mnunuzi akaanza kufunga kamba.

"Ngoja!" Alijipiga paji la uso. "Zilizogandana na kutu zimekwenda na misumari! Nimezitupa mwenyewe!"

Akapanda juu ya mzigo.

"Jamani, naye anauzwa?" mdogo wake akauliza.

"Bei yangu hamuiwezi!"

Akachambua, vidole vyekundu kwa kutu, mpaka akashika msumari uliovaa duara la kijani. Mdogo wake akaleta nyundo.

"Thubutu! Utaitoboa macho."

Akaidondoshea mafuta ya cherehani, akasubiri, akauzungusha msumari taratibu kama anayemvua mtoto mchanga nguo. Senti ikaachia. Akaisugua kwa aproni, akaitazama, kisha akampa mdogo wake.

"Soma."

Akasoma mwaka kimoyomoyo. Kejeli ikamtoka usoni.

"Kwa sauti, mtaa usikie!"

Akasoma kwa sauti, akarudia akipaza zaidi. Naye mnunuzi, ambaye hakumjua mama yao, akaiachia kamba akapiga makofi, na dada mtu, amesimama juu ya vyuma chakavu kama jukwaani, akajipigia vigelegele mwenyewe.